Picha ya 2015: jinsi TP Mazembe ilivyotwaa Afrika na kikosi chake kikatawanyika

Katika chumba cha kinyozi mmoja wa komini ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, mahali ambapo kelele za uwanja wa klabu ya soka ya TP Mazembe husikika bila redio, kuna picha ya kikosi cha mwaka 2015 iliyobandikwa juu ya kioo. Imepauka kwa jua, kona yake moja imeliwa na unyevu wa mvua za Januari, na nyuso mbili tatu zimechakaa kwa kuguswa vidole. Watoto wanaoletwa kunyolewa huuliza swali lile lile: "Yaya, uyu naye alienda wapi?" Kinyozi husimamisha mashine, hunyosha kidole na kuanza kuhesabu: huyu Ubelgiji, huyu Uswisi, huyu Uswidi, yule mzee wa golini alitundika glavu. Hesabu ikiisha, mtoto anaendelea kunyolewa, lakini watu wazima walioketi kwenye benchi huanza ubishi wao, kwamba iliwezekanaje timu iliyotawala bara zima mwezi wa Novemba ianze kupukutika Januari iliyofuata.

Kwenye benchi lile husikika majibu ya aina mbili. Kuna wanaosema kwamba ubingwa ule ulikuwa wa mshambuliaji Mtanzania Mbwana Samatta, na alipoondoka akaondoka nao. Kuna wanaosema kwamba timu ilikuwa imara, ila wakubwa waliiuza. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi, kwa sababu yanautazama mwaka 2015 peke yake kana kwamba ulidondoka kutoka mbinguni. Kwa maoni yangu, kikosi kile kilijengwa kwa miaka minne, kutokana na mambo mawili yaliyoiumiza klabu mwaka 2010 na 2011, na kilivunjwa na kalenda zaidi ya kuvunjwa na mtu yeyote.

Tuanze na 2010. Mwaka uliotangulia, Mazembe ilikuwa imetwaa Ligi ya Mabingwa Afrika kwa kuishinda Heartland ya Nigeria: ilifungwa 2-1 ugenini, ikashinda 1-0 nyumbani, na bao lile moja la ugenini ndilo lililoamua. Nyota wa timu alikuwa Trésor Mputu, ambaye mwaka huo huo wa 2009 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani. Kisha, mwezi wa Mei 2010, katika Kombe la Kagame, mashindano ya klabu za Afrika Mashariki na Kati, mjini Kigali, mchezo dhidi ya APR uliharibika, mwamuzi akashambuliwa, na FIFA ikamfungia Mputu mwaka mzima. Watu wengi mjini walidhani msimu umekwisha. Badala yake, Mazembe chini ya kocha Lamine N'Diaye wa Senegal iliikandika Espérance ya Tunisia mabao 5-0 katika mchezo wa kwanza wa fainali, uliochezwa hapa Lubumbashi, ikatoka sare ya 1-1 Tunis, na mwezi wa Desemba ikaitoa Pachuca ya Meksiko kwa 1-0 na Internacional ya Brazili kwa 2-0 katika Kombe la Dunia la Klabu, kabla ya kufungwa 3-0 na Inter ya Milano katika fainali kule Abu Dhabi. Haikuwahi kutokea kabla ya hapo timu ya Afrika kufika fainali ile.

Somo ambalo viongozi wa klabu walilipata hapo si gumu kulikisia: timu ikiwa na nguzo nyingi, nguzo moja inaweza kuanguka bila paa kushuka. Lakini walijifunza pia upande wa pili. Dioko Kaluyituka, aliyefunga moja ya mabao dhidi ya Internacional, alikwenda Qatar mara tu baada ya mashindano hayo. Yaliyotokea Januari 2016, kwa hiyo, yalikuwa na kielelezo chake tangu Januari 2011, na anayesema kwamba kuuza mabingwa kulianza na Samatta amesahau mambo ya karibu sana.

La 2011 liliuma zaidi, na hapa inabidi tusimame kidogo, maana ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Mazembe ilikutana na Simba ya Dar es Salaam katika raundi za mwanzo za Ligi ya Mabingwa, ikashinda 3-1 hapa na 3-2 kule. Uwanjani mambo yalikuwa yamekwisha. Mezani hayakuwa yamekwisha: Simba ililalamika kwamba beki Janvier Besala Bokungu, aliyerudi Lubumbashi baada ya kuichezea Espérance, hakustahili kuchezeshwa katika mashindano hayo, na mwezi wa Mei CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikakubali lalamiko hilo, ikaitoa Mazembe, bingwa mtetezi wa miaka miwili mfululizo, nje ya mashindano. Simba ikapewa nafasi ya kucheza mchezo mmoja dhidi ya Wydad ya Casablanca mjini Cairo, na huko ikapoteza kwa mabao 3-0.

Mashabiki wengi hudhani kwamba kusajili mchezaji ni kukubaliana naye, kumlipa na kumpa jezi. Hayo ni nusu tu. Mchezaji lazima awe ameachiliwa kihalali na klabu aliyotoka, hati yake ya uhamisho iwe imevuka kutoka shirikisho la nchi moja kwenda la nchi nyingine, na jina lake liwe kwenye orodha ambayo klabu huipeleka CAF kabla ya tarehe ya mwisho. Mtu anaweza kufanya mazoezi na timu, akapigwa picha na timu, akacheza ligi ya nyumbani, na bado asiwe mchezaji wa timu hiyo machoni pa CAF. Kosa la karatasi moja linaweza kufuta mabao sita yaliyofungwa kihalali mchana kweupe. Nani alikuwa na haki katika jambo lile bado ni ubishi hapa mjini, na sitaufungua upya. Soka nalo lina vichekesho vyake: miaka mitano baadaye Bokungu huyo huyo alivaa jezi ya Simba.

Balaa lile lilizaa jambo jema. Katika michezo miwili na Simba, watu wa Lubumbashi walimwona kijana wa miaka 18, mrefu, mwepesi, asiyeogopa mabeki waliomzidi umri kwa muongo mzima. Huyo ndiye Samatta, na kabla mwaka 2011 haujaisha alikuwa mchezaji wa Mazembe. Mtanzania mwenzake, Thomas Ulimwengu, akawa naye kikosini. Kwa lugha hawakuwa na shida kubwa, kwani Kiswahili chao cha pwani na hiki chetu cha Katanga, chenye Kifaransa na Kibemba ndani yake, vinasikilizana vikivumiliana kidogo.

Mpaka wa Zambia nao ulikuwa na mchango wake. Kasumbalesa iko yapata kilomita 90 kutoka Lubumbashi, na kwa mchezaji wa Copperbelt kuja kucheza huku ni karibu kuliko kwa kijana wa Kinshasa, ambaye hana barabara nzuri ya kumfikisha na karibu lazima apande ndege. Rainford Kalaba alikuwa hapa tayari, na Stoppila Sunzu vilevile. Wote wawili walikuwa katika kikosi cha Zambia kilichotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2012, Sunzu akiwa ndiye aliyepiga penalti ya mwisho. Baadaye wakaongezeka Nathan Sinkala na Given Singuluma. Kutoka Ghana walikuja Solomon Asante, Daniel Nii Adjei na Yaw Frimpong. Kutoka Kodivaa, Roger Assalé na kipa Sylvain Gbohouo. Kocha Patrice Carteron alipofika mwaka 2013 alikuwa ametoka kuifundisha timu ya taifa ya Mali, aliyoifikisha nafasi ya tatu barani mwaka huo huo, na baada yake Wamali wakaonekana Kamalondo: beki Salif Coulibaly, kiungo Boubacar Diarra na Adama Traoré.

Orodha hii ya majina inaweza kumpa msomaji picha ya duka lililojaa bidhaa, na wapinzani wetu wa Saint-Éloi Lupopo, klabu ya watu wa reli, hupenda kusema hivyo: kwamba Mazembe haijengi, inanunua. Lakini ununuzi peke yake haukuleta kombe. Mwaka 2012 Mazembe ilitolewa na Espérance katika nusu fainali. Mwaka 2013 ilianguka mapema mbele ya Orlando Pirates, ikahamia Kombe la Shirikisho, mashindano ya CAF yaliyo chini ya Ligi ya Mabingwa, na kupoteza fainali kwa Sfaxien ya Tunisia. Mwaka 2014 ilitolewa katika nusu fainali na AS Vita Club, tena ya Kinshasa, jambo ambalo Lubumbashi haisahau kwa urahisi. Mwaka huo huo Mputu aliondoka kwenda Kabuscorp ya Angola. Kwa hiyo miaka mitatu ilipita wachezaji wakizoeana, wakifungwa pamoja, wakilaumiwa pamoja, na wakongwe wa nyumbani, yaani kipa Robert Kidiaba, Jean Kasusula na Joël Kimwaki, wakiwa ndio gundi. Hawa watatu walikuwa na medali za 2010, na walijua fainali inachezwaje.

Msimu wa 2015 wenyewe haukuanza kwa kishindo. Mazembe iliitoa Mamelodi Sundowns kwa jumla ya 3-2 baada ya kupoteza mchezo wa kwanza Afrika Kusini, kisha ikaivuka Stade Malien. Katika hatua ya makundi ilipangwa na Al-Hilal ya Sudan, Smouha ya Misri na Moghreb Tétouan ya Moroko, na hadi siku ya mwisho hesabu zilikuwa bado zinafanyika kwenye karatasi za sigara. Siku hiyo ya mwisho Tétouan ilikuja Kamalondo ikarudi na mabao matano bila jibu, matatu yakiwa ya Samatta. Nusu fainali dhidi ya Al-Merrikh ilikwenda vilevile: kufungwa 2-1 Omdurman, kushinda 3-0 nyumbani.

Anayetazama matokeo hayo ataona mtindo, na mtindo huo una maelezo. Kanuni ya wakati ule ilisema kwamba timu zikilingana kwa jumla ya mabao, aliyefunga mengi ugenini anapita. Timu inayofungwa 2-1 ugenini, kwa hiyo, inarudi nyumbani ikijua kwamba 1-0 tu inatosha. Uwanja wa Kamalondo, uliofunguliwa mwaka 2011, una nyasi bandia, na mpira juu yake unakimbia kuliko vile mabeki wa kaskazini walivyouzoea. Jukwaa liko karibu na mstari, mashabiki wa Mia kwa Mia hawaketi, na bendi yao haipumziki hata timu inapokosa bao. Juu ya hayo, Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mazembe haikuhitaji kushinda kila mahali. Ilihitaji kufunga angalau bao moja mahali pengine na kuja kumaliza kazi hapa.

Ndiyo maana fainali ya kwanza, tarehe 31 Oktoba mjini Algiers, ilikuwa kubwa kuliko ilivyoonekana. Dhidi ya USM Alger, Kalaba alifunga, Samatta akaongeza kwa penalti, na Waalgeria wakapata moja karibu na mwisho: 2-1. Kalaba alipewa kadi nyekundu na hivyo akaikosa fainali ya pili, na wiki nzima mjini tulizungumza habari ya kadi hiyo kuliko ya ushindi. Tarehe 8 Novemba, hata hivyo, USM ilipaswa kufunga mabao mawili Kamalondo ili iwe na matumaini yoyote. Ilijitahidi. Dakika ya 74 Mazembe ikapata penalti. Samatta aliuweka mpira chini, akarudi nyuma hatua chache, na kwa mara ya kwanza mchana ule bendi ilinyamaza. Mpira ulipoingia, Kidiaba, mwenye miaka 39, aliketi chini upande wa pili wa uwanja na kuanza kurukaruka kwa makalio kama afanyavyo siku zote, na kwa wengi wetu hapo ndipo mchezo ulipoishia, ingawa Assalé alifunga la pili katika muda wa nyongeza. Jumla ilikuwa 4-1. Lilikuwa taji la tano la Mazembe katika mashindano makubwa ya mabingwa Afrika, baada ya 1967, 1968, 2009 na 2010, na lilikuja mwaka ule ule ambao mkoa wa Katanga uligawanywa kuwa mikoa minne.

Sasa tuje kwenye kutawanyika, na hapa ndipo kalenda inapoingia. Mashindano ya CAF wakati ule yalianza Februari na kumalizika Novemba. Utaratibu wa kufuata msimu wa Ulaya ulikuja baadaye, kuanzia msimu wa 2018-2019. Ligi yetu ya Linafoot ilikwenda kwa kalenda yake nyingine. Ulaya, dirisha dogo la usajili hufunguliwa Januari. Ukizipanga kalenda hizo tatu mezani, utaona kwamba bingwa wa Afrika alikuwa akivikwa taji wiki chache tu kabla ya soko la Ulaya kufunguliwa, akiwa na thamani kubwa kuliko siku nyingine yoyote maishani mwake, na hakuna fainali nyingine mbele ya kumshawishi abaki. Kati ya taji na soko palikuwa na Kombe la Dunia la Klabu peke yake, na safari hii Japani haikuwa Abu Dhabi: Mazembe ilifungwa 3-0 na Sanfrecce Hiroshima, kisha 2-1 na Club América.

Tarehe 7 Januari 2016, mjini Abuja, Samatta alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani, na wa pili wake alikuwa Kidiaba. Kabla mwezi huo haujaisha, Samatta alikuwa mchezaji wa Genk ya Ubelgiji. Kidiaba aliachana na uchezaji, na miaka michache baadaye wapiga kura walimpeleka katika bunge la mkoa wa Haut-Katanga. Carteron naye aliondoka. Katika majuma machache, klabu ilipoteza mfungaji wake, kipa wake na kocha wake, yaani mwanzo wa timu, mwisho wa timu, na yule anayeviunganisha.

Hata hivyo haikuanguka, na hili ndilo wale wa jibu la kwanza husahau. Hubert Velud, Mfaransa aliyewahi kuipa USM Alger ubingwa wa Algeria mwaka 2014, alikabidhiwa benchi, na mwezi wa Februari Mazembe ikatwaa Super Cup ya CAF kwa kuishinda Étoile du Sahel 2-1, mabao yote mawili yakiwa ya Adjei. Aliyepungua alionekana pale palipohitajika mabao ya haraka: Wydad iliitoa Mazembe katika Ligi ya Mabingwa kwa 2-0 Moroko na sare ya 1-1 hapa. Lakini kanuni ilisema kwamba timu inayotolewa katika hatua hiyo haiendi nyumbani moja kwa moja, bali inashushwa kwenda Kombe la Shirikisho. Mazembe ikashuka, ikawekwa kundi moja na Yanga ya Dar es Salaam, ikaishinda nyumbani na ugenini, na mwezi wa Novemba ikatwaa kombe hilo kwa kuifunga MO Béjaïa ya Algeria 4-1 Kamalondo, baada ya sare ya 1-1 kule kwao.

Mwaka huo mambo ya nje ya uwanja yalikuwa mazito. Rais wa klabu, Moïse Katumbi, anayeiongoza tangu 1997 na aliyekuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, aliondoka nchini Mei 2016 na hakurudi hadi Mei 2019. Kila mmoja kwenye benchi la kinyozi ana hesabu yake kuhusu jambo hilo lilivyogusa mfuko wa klabu. Mimi nabaki na kinachoonekana, kwamba wachezaji waliendelea kuondoka mmoja mmoja. Assalé alikwenda Young Boys ya Uswisi Januari 2017, kwanza kwa mkopo. Ulimwengu alikwenda Eskilstuna ya Uswidi mwaka huo huo. Kwa mkopo maana yake ni kwamba klabu ya asili bado inammiliki mchezaji, na inayomchukua inamjaribu kabla ya kununua; klabu ya Afrika isiyo na nguvu ya kudai bei kubwa mapema huona njia hii ni salama kuliko kuuza kwa hasara.

Kuhusu wanaosema "wakubwa waliuza", inafaa waijue kanuni moja ya FIFA. Kila mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23: robo ya asilimia kwa kila msimu hadi miaka 15, na nusu ya asilimia kwa kila msimu baada ya hapo. Samatta alikaa hapa misimu minne na nusu hivi, yote ikiwa ndani ya umri huo. Kwa hiyo Genk ilipomuuza kwa Aston Villa ya Uingereza Januari 2020, fungu la Mazembe kwa hesabu ya kanuni lilikuwa asilimia 2 na kidogo, miaka minne baada ya yeye kuondoka Lubumbashi. Si utajiri, ila ni pesa ambazo klabu isiyohifadhi karatasi zake vizuri haizioni, na Mazembe ilikwisha kujua tangu 2011 karatasi ina uzito gani.

Mwaka 2017 hadithi ilijirudia karibu neno kwa neno. CAPS United ya Zimbabwe iliitoa Mazembe katika Ligi ya Mabingwa kwa bao la ugenini, timu ikashuka Kombe la Shirikisho, na safari hii benchi likashikwa na Pamphile Mihayo, nahodha wa kikosi cha 2010. SuperSport United ya Afrika Kusini ilifungwa 2-1 hapa, na mchezo wa Pretoria ukaisha bila bao. Katika mabao mawili ya Kamalondo, moja lilikuwa la Adama Traoré na jingine la Kalaba, mtu yule yule aliyefunga Algiers na kutolewa kwa kadi nyekundu.

Ndiyo maana kwenye picha ya kinyozi uso wa Kalaba haujachakaa sana. Hakuna mtoto aliyekuwa akiuliza alikokwenda, kwa kuwa alikuwa bado anaonekana akipita barabarani. Anayeulizwa zaidi, na huwa wanamtafuta kwa kidole safu ya mbele na ya nyuma bila kumpata, ni Mputu. Kinyozi huwaambia kwamba mwaka ule alikuwa Angola, kisha akarudi, na huwasha tena mashine.